Mama Mkwe Hajala

Mama mkwe wangu alihamia kwetu Nyabiyonza akiwa na bandama kubwa kuliko boga la kupelekwa maonyesho. Siongezi chumvi, au niseme naongeza kidogo tu. Bodaboda aliyemleta kutoka kwao Kyerwa, mbele kabisa ya Rubwera, aliapa mbele ya watu kwamba amebeba abiria wawili. Mama alishuka akiwa amekumbatia tumbo lake kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani, akasalimia migomba, akasalimia mbuzi, akasalimia mke wangu, yaani binti yake. Mimi alinisalimia akiwa amegeukia ukuta.

Hakukuwa na ugomvi. Huku kwetu mkwe na mama mkwe hawaangaliani usoni, hawapeani mikono wala hawaonani wakila. Mkikutana njiani, mmoja anapotelea kwenye migomba hadi mwenzake apite. Nilikuwa nimemwoa binti yake miaka mingi, lakini kama polisi wangeniuliza mama yule ana pua ya namna gani, wangenifunga kwa kusema uongo. Watu wa kijijini walipoona anahamia nyumbani kwa mkwewe walishika vichwa. Tulikuwa na sababu moja tu: alikuwa na saratani ya damu, na kutoka kwetu hadi kliniki, unapitia Bugene, ni pikipiki moja tu.

Saratani yake ilikuwa ile inayokwenda polepole na inayotibiwa kwa vidonge. Hakuna dripu wala kulazwa. Unameza kila siku, maisha yote. Daktari alitueleza siku ya kwanza kwamba chembe nyeupe za damu zimezaliana bila ruhusa ya mtu, na kwamba kidonge ndicho kinachozikalisha chini.

"Akimeza kila siku, atazeeka," alisema. "Akiachaacha, ugonjwa utarudi na hasira, na hapo sina uhakika tutaushika tena."

Kliniki ile ilikuwa na utaratibu ambao sijauona mahali pengine. Badala ya kuzungushwa dirisha hadi dirisha, mgonjwa anaingia chumba kimoja na kuwakuta wote mezani. Kulikuwa na daktari, mama wa Tanga mwenye Kiswahili laini kama maandazi. Kulikuwa na mfamasia, kijana mwenye miwani mizito ambayo ungeweza kuwashia moto kwa jua. Na kulikuwa na nesi, mwenyeji wetu wa Bugene, mwenye sauti ya kuamsha kijiji cha pili. Mgonjwa naye anakuja na msimamizi wa dawa kutoka nyumbani. Kila mmoja anasikia anachoulizwa mwenzake.

Mke wangu anaondoka mapema kwenda kufundisha shule ya msingi, kwa hiyo msimamizi nilikuwa mimi. Nesi aliuliza nani pale nyumbani anasoma vizuri, nikanyoosha mkono kabla hajamaliza swali. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, katika umri ambao mwalimu wa hisabati alikuwa akiniamkia shikamoo kabla ya kunichapa maswali. Elimu niliyoipata kwa jasho namna ile siwezi kuificha.

"Vidonge hivi vinamezwa na chakula," mfamasia alimwambia mama. "Tumbo likiwa tupu vinachoma. Kama hujala, usimeze. Na ukija mwezi ujao, uniletee makopo matupu."

"Nimesikia, mwanangu. Kama sijala, simezi. Makopo nitaleta matupu."

Sote tuliridhika. Nilitoka pale nikitembea kama daktari mdogo.

Usimamizi wangu ulifanyika mlangoni. Kila asubuhi nilisimama nje ya chumba chake, mgongo ukiwa umeelekea mlango, macho kwenye banda la mbuzi, nikapaza sauti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Dawa vipi?"

"Nikila nameza."

Basi. Mwaka ule wa kwanza dawa ilifanya kazi hadi nikataka kuihubiria kanisani. Bandama ilinywea. Mama aliyeingia kwangu akishikilia kuta alianza kupalilia maharage, tena kwa kasi ya kunitia aibu. Sikukuu ya mavuno alicheza mbele ya madhabahu, mchungaji akapoteza ukurasa. Daktari alisoma majibu ya damu akitabasamu, mfamasia akahesabu makopo matupu, nesi akamwita bibi harusi.

Halafu mnyauko ukaingia kwenye kibanja chetu, yaani shamba la migomba.

Anayelima migomba anaujua. Jani linageuka njano kwa huzuni, mkungu unaiva kabla ya wakati wake, ukikata shina linatoa usaha kama kidonda. Bwana shamba alisema tung'oe na kufukia. Nilichimba mashimo hadi nadhani Wanyarwanda ng'ambo ya mpaka walisikia jembe. Migomba aliyopanda babu yangu niliifukia mmoja mmoja, na jirani zangu wa kushoto na kulia nao walikuwa wakifukia. Kijiji kilikuwa wazi kama kichwa kilichonyolewa kwa msiba.

Hatukufa njaa. Mahindi yalikuwepo, viazi vitamu vilikuwepo, muhogo, maharage. Ndizi za kupika, yaani ebitoke, tulizipata Jumapili, au ndugu wa Kyerwa akikumbuka kututumia mkungu. Tulikula ugali hadi mbwa akawa anatuangalia kwa huruma. Na mimi asubuhi nilisimama mlangoni, nikauliza, nikajibiwa, "Nikila nameza," nikaenda zangu kwenye baiskeli za watu ninazotengeneza barazani.

Tumbo la mama likaanza kurudi.

Mwanzoni alisema ni gesi ya viazi. Kisha akaacha kupalilia. Kisha jasho likawa linamtoka mchana kweupe, hadi kanga inaloa. Tulipokwenda kliniki, mke wangu naye alikuja maana shule zilikuwa zimefungwa. Daktari alisoma karatasi ya damu, akaisoma tena, akampa mfamasia naye aisome. Nikajua hapa hakuna mzaha.

"Dawa imekataa," daktari alisema. "Ipo nyingine yenye nguvu zaidi. Kuipata ni kuomba mbali na kusubiri. Na niwaambie ukweli, hapa nilipo, baada ya hiyo sina nyingine."

Mke wangu alishika mkono wa mama yake. Mimi nilishika kofia yangu.

"Mama, ulikuwa unameza kila siku?" daktari aliuliza.

"Nikila nameza."

"Na hamu ya kula unayo?"

"Hamu ninayo sana. Chakula ndicho hakuna."

Daktari alinigeukia taratibu, kwa uso wa mtu aliyemkuta mwizi jikoni. "Baba, huyu mama hapewi chakula?"

Nilitamani sakafu ifunguke. "Dokta! Jana tu ugali wake ulikuwa mlima wa kupandwa kwa kamba! Maharage ya kulisha kambi ya jeshi! Mwulize binti yake huyu hapa!"

"Ugali alikula," mke wangu alisema, kwa sauti ya mwalimu anayesahihisha, "lakini hajala."

Mfamasia alivua miwani. "Amekula, lakini hajala?"

"Ndiyo. Tangu migomba ife, mama anakula Jumapili tu."

Nesi wa Bugene aliweka kiganja mdomoni. Mabega yake yalitikisika, nikadhani anacheka. Alipokiondoa kile kiganja, macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Dokta," alisema, "hapa kwetu chakula ni ndizi. Mtu anaweza kumaliza sahani tatu za ugali, ukimwuliza kama amekula atakwambia bado. Hata mimi mchana huu nimekula wali. Mume wangu akipiga simu sasa hivi nitamwambia sijala. Nimemsikia mama akisema 'nikila' kila mwezi na sikusikia."

"Kwa hiyo vidonge..." daktari alianza.

"Jumapili," mama alijibu. Alikaa wima, kama mwanafunzi anayejua jibu. "Na siku nyingine ndizi zikipatikana. Mliniambia kama sijala nisimeze."

"Lakini mama, makopo unaniletea matupu!" Mfamasia alisema hivyo kwa sauti iliyopasuka.

"Uliniambia nilete matupu. Vilivyobaki navimimina kwenye kopo la majani ya chai, nyumbani. Hakijapotea hata kimoja. Nikuletee?"

Mfamasia alirudisha miwani usoni, akaivua tena. Nje mtoto alikuwa analia kwa sababu ya sindano. Mama alikuwa ametii kila neno. Watu watatu waliosoma, na mimi wa nne, tulikuwa tumemwambia kwa Kiswahili safi jambo moja, na yeye akalisikia kwa Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani.

Tulianza upya na vidonge vile vile, safari hii kila siku, ndizi ziwepo au zisiwepo. Chembe nyeupe zilishuka kidogo, zikagoma. Daktari akatuma sampuli mbali, huko wanakoweza kuuangalia ugonjwa hadi ndani ya mifupa yake. Jibu liliporudi alitupigia simu mwenyewe. Alisema wakati dawa ilikuwa inaingia leo na kukosekana kesho, ugonjwa ulipata nafasi ya kuizoea. Umejigeuza. Vidonge vile sasa kwake ni kama pipi. Ombi la dawa ya pili lilikuwa limekwenda.

Tukasubiri.

Mimi ni mtu wa kucheka. Nilichekesha watu kwenye matanga ya baba yangu mzazi, shangazi zangu wakanifukuza. Lakini zile wiki za kusubiri zilinikausha. Mama alikuwa akiungua kwa homa, mifupa ikimuuma hadi akawa anaomba tusipite karibu na kitanda kwa sababu sakafu inatikisika. Nilisimama mlangoni na mgongo wangu, nikarusha utani wangu wote, ule wa mchungaji na fisi, ule wa mwenyekiti aliyepanda punda kinyume. Zamani alikuwa akinijibu kwa kuguna. Akaacha hata kuguna. Mke wangu alikuwa anarudi shuleni, anakaa kwenye kizingiti na chaki bado mkononi, haingii ndani wala haendi jikoni. Nilimwambia dawa itakuja. Aliniuliza, "Nani kakwambia?" Nilikwenda kwenye kibanja kitupu, nikaitukana ardhi kwa matusi ambayo sikujua kama ninayajua.

Dawa ilikuja. Tuliitwa wote. Mfamasia aliweka pakiti mezani kwa mikono miwili.

"Hii," alisema, "ni kinyume cha ile."

"Kinyume vipi?" nikauliza.

"Ile ilitaka chakula. Hii haitaki chakula kabisa. Asubuhi na jioni, tumbo liwe tupu. Masaa mawili kabla asile, na akishameza akae tena saa nzima bila kula. Ikikutana na chakula inaingia kwenye damu kwa wingi mara moja, na inaweza kuuvuruga moyo. Sizungumzii kuumwa tumbo. Moyo unaweza kusimama."

Tulitazamana, meza nzima. Kila mtu alikuwa anafikiria jambo lile lile. Mama huyu anaweza kunywa bakuli la uji, akatafuna viazi, akafuta mdomo, akasema kwa moyo safi kabisa: sijala.

Nesi alisogeza kiti hadi magoti yake yakagusa ya mama. "Mama, uji ni chakula?"

"Uji ni kinywaji."

"Kwa dawa hii?"

Mama alifikiri. "Haya. Ni chakula."

"Kiazi?"

"Chakula."

"Ugali?"

Hapo alikunja uso kama aliyeambiwa amkane mwanawe. "Mnaniambia niite ugali chakula."

"Kwa ajili ya moyo wako, mama."

"Chakula," alisema, na ilimtoka kwa shida.

Walimpitisha kwenye maziwa, karanga, muwa, senene, maparachichi, hadi nikaanza kusikia njaa. Mwisho nesi akamwekea sheria moja: chochote kinachopita kooni, isipokuwa maji, ni chakula. Alimrudishia kwa Kinyambo, mama akaitikia.

Kisha daktari akasema, "Na safari hii mtu amwone kwa macho. Mlango hautoshi."

Mke wangu alikuwa ameshaanza kufundisha tena. Watu wote walinitazama mimi. Mimi niliangalia feni iliyokuwa darini, ambayo haikuwa inafanya kazi.

Mama alivuta kanga hadi ikamfunika uso. "Mkwe wangu anikalie mbele nikifungua mdomo? Afadhali nife na heshima yangu."

Daktari wa Tanga alitaka kusema kitu, nesi akamwashiria anyamaze. Wakazungumza wawili kwa Kinyambo, chinichini. Nesi alizungumza sana. Mama alijibu kidogo. Hatimaye nesi akatugeukia.

"Amekubali. Ila amesema baba asimwangalie meno."

Ndivyo nilivyoingia chumba cha mama mkwe wangu. Alikaa akielekea dirishani, mimi kwenye kigoda nikielekea kanga yake. Alimeza, akafungua mdomo kidogo upande, mimi nikaangalia sikio. Halafu tukakaa, maana hakuruhusiwa kula na mimi sikumwamini mtu mwingine kumlinda. Siku za kwanza yeye alihesabu mbuzi dirishani, mimi nikahesabu maua ya kanga. Kisha siku moja aligeuza kichwa, akanitazama wazi, kwa mara ya kwanza.

"Kumbe wewe ni mfupi," alisema. "Miaka yote nilidhani binti yangu ameolewa na mtu mrefu."

"Sauti yangu ndiyo ndefu, mama."

Alicheka hadi akashika bandama. Nilitoka nje nikamwambia kila mtu niliyekutana naye hadi njia panda kwamba mama amecheka. Chembe nyeupe nazo zilionyesha dalili ya kushuka, na daktari akasema tusishangilie bado, moyo wake unahitaji uangalizi, ulishaonekana kusitasita kwenye kipimo. Mdundo mmoja ukikosea, alisema, tunasimamisha dawa. Na tukisimamisha, basi.

Wiki ile ile, mzee mmoja wa kanisa, mama wa makamo, alikuja kumwombea. Alifika mama akiwa ndiyo kwanza amemeza. Wakati huo huo mteja aliniita barazani, mnyororo wa baiskeli umekatika. Nilitoka kwa muda wa kutafuta koleo, si zaidi. Niliporudi, kati ya wale wanawake wawili palikuwa na kikapu kidogo, kile cha kahawa ya kutafuna, na mashavu ya wote wawili yalikuwa yanafanya kazi.

Huku kwetu mgeni hapokelewi bila kahawa. Unampa, na wewe unatia yako mdomoni, ajue kwamba humtakii mabaya. Mama mkwe wangu angeacha kupumua kabla ya kuacha hilo.

"Mama!" nilipiga kelele hadi mgeni akaruka. "Hiyo ni nini?"

"Si chakula. Ni kahawa ya mgeni. Na sijameza, natafuna tu."

Elimu yangu yote ya jioni haikunisaidia. Sikujua. Nilimpigia mfamasia, kwa haraka nikagusa namba ya fundi rangi kwanza.

"Kahawa? Ya kunywa?" mfamasia aliuliza.

"Ya kutafuna! Ile kavu, na ganda lake!"

"Amemeza maji yake?"

"Sijui!"

"Usikate simu." Nikamsikia akiita, nikasikia viti vikivutwa, nikawasikia wote watatu wamekusanyika pale mezani kwao. Daktari anauliza, "Kutafuna kahawa vipi?" na nesi anamweleza haraka haraka, na karatasi zinapekuliwa, na hakuna anayesema ndiyo wala hapana.

"Ateme kwanza," daktari alisema simuni. "Ateme yote."

Nilipiga goti, nikamkingia kiganja mama mkwe wangu. Aliniangalia machoni kwa muda mrefu, mgeni akiwa pale anashuhudia. Kisha akainama, akatemea mkononi mwangu ile kahawa nyeusi, ya moto kwa mate yake, na uso wake ukaporomoka kama wa mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

"Sasa mshike mkono," daktari alisema. "Kifundoni. Uniambie mapigo yakoje. Yanakwenda sawa, au yanaruka?"

Sikuwa nimewahi kumgusa. Kifundo chake kilikuwa chembamba kama mpini wa kijiko. Mgeni alikuwa ameacha kutafuna, ameanza kuomba kwa sauti ya chini. Nilibana vidole, nikafumba macho, nikaanza kuhesabu. Moyo wangu ulikuwa unapiga hadi kwenye ncha za vidole. Nikachanganya wake na wangu, nikapoteza, nikaanza tena.

"Baba," daktari aliita simuni. "Yanakwenda sawa?"

"Subiri, dokta," nilisema. "Subiri, sijui kama ni yake."